Bawa Lililokaguliwa Mara Tatu

Shemeji yangu, mke wa kaka, mtaa mzima unamwita Mama Rudia. Hana mtoto anayeitwa Rudia. Jina hilo nilimpa mimi, na jina nikishalitoa mimi halifutiki hata mwenyewe akibadilisha kitambulisho. Nilimpa kwa sababu hajawahi kuondoka nyumbani mara moja tu. Anafunga mlango, anatembea hadi kwenye nguzo ya umeme, anasimama, anarudi, anausukuma mlango kwa bega, anaondoka. Akifika kwa muuza mkaa anarudi tena kutazama pasi. Mara ya tatu ndiyo safari yenyewe. Wenzangu wakitaka kwenda naye mahali saa nne, humwambia saa tatu na nusu. Mimi, kwa kuwa nina akili zaidi yao, humwambia saa tatu.

Pasi ndiyo iliyomfanya hivyo. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa na chumba cha kushonea kando ya barabara, ukuta kwa ukuta na duka la viatu. Mchana mmoja alikwenda kununua uzi wa bluu, akaiacha pasi imelala kifudifudi juu ya suruali ya sare. Aliporudi, moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango. Ndani mlikuwa na msichana aliyekuwa akijifunza kushona kwake, ambaye siku hiyo alikuwa na homa na alilala chini ya meza ya kukatia. Walimtoa dirishani akikohoa, nyusi hana. Msichana alipona, ameolewa, na nyusi zake leo ni nene kuliko zangu. Shemeji ndiye hakupona. Hofu ilihamia kwake kama mpangaji, na mpangaji huyo hajawahi kufikiria kuondoka.

Jioni anahesabu sindano zake. Ikikosekana moja, hakuna ruhusa ya kuketi kwenye kiti chochote ndani ya nyumba ile mpaka ipatikane. Nimewahi kunywa chai nimesimama dakika arobaini, kumbe sindano iko kwenye kola ya gauni lake mwenyewe. Na kila nguo anayoimaliza lazima aikague upande wa ndani. Anaitandaza mezani, anashika ukingo ulio mbali naye, anauvuta mpaka unamgusa tumbo, nguo inalala kifudifudi, ndipo anavaa miwani.

"Usoni hata mshono mbovu unajichekesha," huniambia. "Mimi natazama mgongoni."

Hilo la kugeuza nguo msilisahau. Nitalihitaji mbele.

Kaka yangu ni fundi redio. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi; anakufungulia redio yako huku anakusimulia habari za mtu mwingine, na vyote viwili vinamalizika pamoja. Asubuhi moja mwaka jana, akiwa na chuma cha kulehemu mkononi, alianguka kwenye benchi lake la kazi. Kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa ganzi. Maneno yakabaki machache, moja moja, kama sarafu kwenye mfuko uliotoboka. Na macho yake, ingawa ni mazima, yakaacha kuona kilicho upande wa kulia. Ukimwekea sahani anakula nusu ya kushoto, halafu anasukuma sahani na kukwambia, "Tayari." Ukiizungusha, anashangaa umetoa wapi chakula kingine.

Waliporudi kutoka hospitali alilala akiutazama ukuta. Miezi mitatu. Daktari wa mazoezi alikuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha mkono, akawa ananyoosha mkono wa mtu ambaye hayupo. Mara ya mwisho alimwita shemeji jikoni na kumwambia taratibu kwamba mwili bado unaweza, ila mwenyewe hataki, na mtu asiyetaka hukauka. Mimi nilikuwepo, nikitafuta sukari. Nilimwona shemeji akikagua mara nne kama jiko la gesi limefungwa huku anamsikiliza.

Kilichomgeuza kaka ni boksi. Shemeji alikuwa anafagia chini ya kitanda akalivuta: boksi refu la kadibodi, mzigo wa vipande vya ndege ya kuchezea ambayo kaka aliinunua kipande kwa kipande kabla hajaugua. Nasema ya kuchezea, lakini bawa lake lilikuwa refu kuliko hatua yangu, na mimi si mfupi. Ndege ya kurushwa kwa rimoti, yenye mota, betri na propela. Boksi lilipokwaruza sakafu, kaka aligeuza kichwa. Hakikuwa kimegeuka kwa ajili ya mkewe, wala kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya mchuzi. Kiligeuka kwa ajili ya mkwaruzo wa boksi.

Basi shemeji, ambaye aliogopa hata kubadilisha balbu, akaanza kuunganisha ndege.

Alivuta meza ya kukatia vitambaa mpaka kando ya kitanda. Kaka akaegemezwa mito. Yeye alikuwa anatoa neno, mkewe anatoa mikono. "Msasa." Akapiga msasa mbavu za bawa, mbao nyepesi kama biskuti, hata ukizipulizia zinahama. "Gundi." Akaweka gundi kwa ncha ya sindano, tone kwa tone. Sijawahi kuona mtu akiogopa gundi, lakini yule mama alishikilia pumzi kila tone kana kwamba ubao utamlalamikia. Mimi nilikuja kila alasiri kusaidia, maana yake kuketi na kusema.

Kisha likaja suala la kufunika bawa. Ndege hizi huvikwa plastiki nyembamba, nyekundu au ya manjano, na plastiki hiyo haigandi mpaka ipigwe pasi. Kaka alisema neno lenyewe, "Pasi," na shemeji akaweka sindano chini. Shemeji ana pasi, ni mshonaji, lakini huitumia akiwa amefungua madirisha yote na ndoo ya maji miguuni. Na ubao ule ulikuwa mkavu kuliko kuni.

"Kaka, mwache, nitapiga mimi," nikasema.

"Wewe mwenyewe shati lako linakukana, shem," shemeji akajibu bila kunitazama. Akajaza ndoo. Akafungua madirisha. Akapiga pasi lile bawa siku nzima, sentimita kwa sentimita, jasho likimdondoka kwenye kidevu, na baada ya kila pigo akaweka kiganja juu ya plastiki kupima kama kuna moto chini yake. Plastiki ikajivuta, ikakaza kama ngozi ya ngoma. Kaka aliinua mkono wa kushoto akaigonga kwa kucha. Ikalia. Akatabasamu nusu, ile nusu inayoweza.

Siku hiyo shemeji alinifuata hadi kwenye lango. Nilidhani amesahau kunipa chakula cha kwenda nacho.

"Shem, nani atairusha?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipokimbia mbele yangu. "Si nipo? Nimewahi kurusha hizi."

Na sikudanganya. Nilipokuwa mtunza ghala kwenye mashamba ya mpunga, kampuni ilikuwa na mtu wa kurusha ndege kama hii kufukuza ndege wenye manyoya. Siku moja alinipa rimoti nimshikie wakati anawasha sigara. Ndege ilikuwa juu, mimi ndiye niliyeshika. Njiti ya kwanza ilizimika kwa upepo, kwa hiyo nilirusha kwa muda wa njiti mbili. Shemeji hakuuliza ni muda gani.

Alinitazama kama anavyotazama mshono. Akasema, "Nikwambie kitu. Ile ndege ikianguka, kaka yako anarudi ukutani. Safari hii sina boksi lingine chini ya kitanda. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilitembea hadi kwangu nikijaribu kukumbuka kijiti kipi kilikuwa cha nini.

Wiki iliyofuata tulifunga vyombo vya ndani. Rimoti ina vijiti viwili. Cha kushoto, mwendo wa mota. Cha kulia, kuinua pua na kulaza mabawa. Ndani ya ndege mna kisanduku cha kupokea mawimbi na vimota vidogo vinavyovuta waya, na waya zinavuta vibao: kimoja mkiani, na viwili nyuma ya bawa, kimoja kulia, kimoja kushoto. Kaka alisisitiza jambo moja mpaka mate yakamtoka. "Propela. Toa." Tukijaribu umeme ndani ya nyumba, propela isiwepo.

Mimi niliona ni woga wa mgonjwa. Shemeji alipokwenda kumchotea maji, nilitaka kaka asikie mota yake inavyonguruma. Propela nimeifunga, betri nimeichomeka, rimoti iko mapajani mwangu. Shemeji akarudi, nikainuka kumpisha, rimoti ikateleza, goti likagonga kijiti cha mwendo.

Sauti ile sijui niiseme vipi. Ndege iliruka kutoka mezani kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Ilimeza futi ya kamba ya shemeji, ile ya kupimia nguo, vipande vya njano vikatapakaa chumba kizima, sentimita thelathini huku, arobaini na tano kule. Ikageuka, propela ikapita mbele ya kifundo cha mkono wake, upepo wake ukainua mkono wa gauni. Bilauri ikaanguka. Nilikuwa nimesimama tu, mikono yangu haijui kazi yake. Shemeji ndiye aliyeidaka ndege mgongoni, akaibana chini kwa kiwiko, akang'oa betri. Kisha akakaa sakafuni penye maji.

Alitazama kifundo cha mkono, akakigeuza, akatazama upande wa pili. Kulikuwa na mstari mwekundu kama uzi, haukutoa damu.

"Shem," nikaanza.

"Usiseme."

Alifungua skrubu, akatoa propela, akaitia ndani ya kopo lake la vifungo, akaweka kopo juu ya kabati. "Hii itatoka siku tukifika uwanjani," akasema. Kaka akaanza kutikisika kwenye mito, nikadhani kinamrudia kile kiharusi, nikamkimbilia. Kumbe anacheka.

Baada ya siku ile alikagua kila kitu. Kijitabu cha maelekezo alikisoma kwa kidole, na penye mchoro akachora wa kwake kwa chaki ya nguo. Aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa kuona kama inakaa sawa. Ilipolaza mkia, akasogeza betri mbele kidogo, akainua tena, mpaka ikatulia kwenye vidole vyake kama sinia. Halafu akaja kwenye vile vibao viwili vya bawa. Kimota chake kinafungwa upande wa chini, kwa hiyo alilifungua bawa kutoka mgongoni mwa ndege, waya ukiwa bado umeunganishwa, akafanya anavyofanya kwa kila suruali: akashika ukingo ulio mbali, akauvuta mpaka tumboni, bawa likalala kifudifudi, akavaa miwani.

Kijitabu kilisema kijiti kikisukumwa kulia, kibao cha kulia kiinuke. Akasukuma. Kibao cha kulia kikashuka.

"Kimeshuka," akasema, na uso ukamwisha rangi.

Kaka, aliyekuwa anaona upande wa kushoto tu, akauliza, "Kulia?"

"Kimeshuka. Ngoja." Akapekua kijitabu. Nyuma ya rimoti, chini ya kifuniko cha skrubu, kuna swichi ndogo ya kugeuza mwelekeo wa vibao vya bawa. Akaibonyeza. Akasukuma tena kijiti. "Kinainuka." Akakagua mara ya pili asubuhi yake. Kinainuka. Mara ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mbele yangu. Kinainuka. Akafunga kifuniko kwa skrubu, akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mwaka jana.

Jumamosi tukaenda kwenye uwanja wa shule, shule ikiwa imefungwa. Mlinzi wa pale ni mtu mmoja mrefu anayetembea na filimbi, akatufungulia geti kwa sharti la kutazama. Kaka tulimweka kwenye kiti chenye matairi kando ya mstari wa goli, blanketi magotini. Saa tatu asubuhi, upepo mdogo kutoka kulia. Nyasi pembeni zilikuwa zimefika kiunoni; katikati palikuwa udongo mtupu.

Usiku wa kuamkia siku ile sikuwa nimelala vizuri, nasema kweli. Nilichotaka ni kumaliza kabla ujasiri wangu haujagundua ninakoupeleka. Shemeji alifunga bawa mgongoni mwa ndege kwa mipira minane ya kubania, akihesabu kwa sauti. Akatoa propela kwenye kopo la vifungo. Akatembea hatua thelathini na rimoti huku mimi nimeshika ndege, kuona kama mawimbi yanafika. Yanafika. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Ngoja nikague vibao tena. Sasa bawa liko mahali pake."

"Shem, hata daraja la reli halikaguliwi mara nne."

"Sekunde tu."

"Upepo unaongezeka. Unataka kaka apigwe na baridi?"

Nilisukuma kijiti kulia, kushoto. Vibao vikacheza. "Haya, vinacheza," nikasema. Na kweli vilicheza. Nilichokiacha ni kutazama vinacheza kwenda wapi. Mlinzi akacheka, akamwambia, "Mama, mwache rubani afanye kazi." Shemeji akarudi nyuma, mikono ameifunga ndani ya khanga, akasimama kando ya kiti cha kaka.

Nikasukuma mwendo. Ndege ikakimbia kwenye udongo, ikadunda mara mbili, ikanyanyuka. Nitasema nini? Ilikuwa nzuri. Nyekundu na manjano, juu ya miti ya uzio, na mimi ndiye niliyeshika. Kwa muda wa njiti moja nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote waliokuwa kwenye uwanja ule.

Kisha upepo ukaisukuma, ikalala kidogo kushoto. Nikasukuma kijiti kulia kuinyoosha. Ikalala zaidi kushoto. Nikasukuma kulia zaidi. Ikalala kabisa, bawa moja likielekeza ardhini, ikaanza kuzunguka. Nikabana kijiti kulia hadi mwisho, na kadiri nilivyobana ndivyo ilivyozidi kukunja kona, ikishuka, ikirudi, na mwisho wa kona ile niliuona kabla haijafika: ilikuwa inakuja kwenye mstari wa goli. Inakuja kwa kaka.

Mlinzi alijitupa chini, filimbi mdomoni, pumzi ikamtoka, ikalia. Kaka hakuweza kujitupa popote. Alikuwa ameitazama ndege tangu iruke, na sasa ilikuwa inamjia kutoka upande wake wa kushoto, ule anaouona, ikikua. Nikasikia sauti yake, pana, kama zamani akiita mtu kutoka dukani.

"Achia."

Nilimsikia. Vidole havikusikia. Nilikuwa nimekishika kijiti kile kama mtu anayening'inia dirishani. Shemeji alinifikia mbio, khanga imeanguka njiani, akashika kidole gumba changu akakikunja nyuma mpaka nikalia, akakitoa kwenye kijiti. Kijiti kikarudi katikati chenyewe. Na ndege, maana hizi za kujifunzia bawa lake liko juu ya mgongo na zimeumbwa kujinyoosha zikiachwa, ikainua bawa lililolala, polepole, polepole mno, ikanyooka, ikapita juu ya kichwa cha kaka kwa urefu wa mlango. Blanketi likainuka magotini pake. Hakuinamisha kichwa.

Ikaenda ng'ambo ya pili, inapanda.

Rimoti ilikuwa bado shingoni mwangu kwa kamba yake. Shemeji hakuivua. Alikaa nayo pale pale kifuani pangu, anapumua kama aliyepanda ngazi, macho hewani.

"Niligeuza," akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Niliitazama kifudifudi. Kulia kulibaki kulia, ila juu ikawa chini. Ilikuwa sawa, nikaiharibu kwa mkono wangu. Mara tatu."

"Shem, chukua rimoti, mimi—"

"Nyamaza. Simama wima, usinitikise."

Akagusa kijiti kwa ncha ya kidole. Nikamsikia anajisemea, kama anavyojisemea akishona mkono wa koti kwa ndani: "Nataka kushoto. Basi kulia. Kidogo." Ndege ikageuka kushoto. Kiwiko chake kilikuwa kimenibana mbavu, lakini kidole kile kimoja kilikuwa kimetulia. Mtu aliyeshona nguo miaka thelathini akizitazama mgongoni, ukimpa ndege iliyogeuka, unampa nguo nyingine tu.

"Punguza," kaka akasema nyuma yetu.

Akapunguza mwendo. Ndege ikashusha pua. "Naogopa," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kuna mawingu. "Naogopa, naogopa. Nataka kulia. Basi kushoto." Ilipita juu ya goli la pili. Hakuipeleka kwenye udongo; aliiona nyasi ndefu za pembeni, akaielekeza huko. Futi mbili kabla ya nyasi upepo ukaigonga tena, ikayumba, ikaingia kwa bega. Nikasikia kitu kikivunjika. Mota ikanyamaza.

Tulitembea kwenda kuichukua kama watu wanaokwenda kutambua maiti. Propela imekatika. Mguu mmoja wa gurudumu umepinda hadi tumboni. Kwenye bawa, ncha ya kushoto, ubavu mmoja umevunjika na plastiki imechanika urefu wa kiganja. Shemeji aliibeba mikononi, kifuani, akaileta mbele ya kiti. Kaka aliitazama. Tulisubiri. Akageuza uso, akatazama geti.

Tukarudi nyumbani. Niliteta na nafsi yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishindwa hoja. Tulimlaza. Akafumba macho, uso ukiwa upande wa ukuta. Shemeji aliweka bawa juu ya meza ya kukatia, mwili wa ndege kando yake, na kutoka nje. Akafika kwenye nguzo ya umeme, akarudi, akachungulia. Bado ukutani. Akaenda hadi kwa muuza mkaa, akarudi, akachungulia. Bado. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya mlango. Mara ya tatu alipita mbele yangu bila kunitukana, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

"Amelala tu, shem," nikamwambia.

"Alianza hivyo hivyo," akasema.

Kisha tukasikia mkwaruzo.

Tuliingia pamoja tukakwama mlangoni, bega kwa bega. Kaka alikuwa amejigeuza, nusu ya mwili nje ya shuka, amefikisha mkono wa kushoto kwenye mguu wa meza na anauvuta. Meza ilikuwa imesogea kama upana wa kiganja. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka shingoni.

"Meza," akasema kwa hasira, kama tulikuwa tumemchelewesha.

Tukasukuma meza hadi kitandani. Bawa lilikuwa limelala kifudifudi, alivyoliweka shemeji kwa mazoea yake. Kaka aliingiza kiganja chini ya ukingo, akalipindua. Mara ya kwanza likamponyoka. Mara ya pili likakaa sawa, mgongo juu. Akampa mkewe rimoti, akanyoosha kidole kwenye kile kifuniko cha skrubu. Shemeji akafungua, akarudisha swichi ilikokuwa, akaunganisha waya wa bawa na betri ya ndege. Kaka akazungusha kichwa chote, kwa taabu, mpaka jicho lake likafika upande ule usioonekana. Akasukuma kijiti mwenyewe.

"Kinainuka," akasema. Halafu, akinitazama mimi, "Tena." Nikakisukuma mimi. Akasema, "Tena." Nikasukuma mara tisa, kama mtoto anayeandika mstari wa adhabu.

Propela mpya niliinunua mimi, na ubavu wa bawa waliunda wenyewe wawili, yeye akishika ubao kwa mkono wa kushoto, mkewe akiukata. Siku ya kuziba plastiki shemeji alifungua madirisha, akajaza ndoo, akapiga pasi kiraka. Akaichomoa pasi ukutani, akaisimamisha, akatoka kwenda kununua uzi. Alipofika kwenye nguzo akarudi.

"Imezimwa," kaka akamwambia kabla hajaingia.

"Najua," akasema shemeji, akaingia, akaishika pasi kwenye mpini. Akabaki pale, mkono juu ya pasi iliyoanza kupoa, akimtazama mumewe. Kaka alikuwa ameiweka rimoti juu ya kifua, kidole gumba cha kushoto kinajizoeza kufikia kijiti cha kulia, kinateleza, kinarudi.

"Shem," akaniambia taratibu, asisikike, "sasa anataka kuirusha mwenyewe."

Nilipomtazama, uso wake ulikuwa umemwisha rangi kuliko siku ile ya uwanjani. Akatoka tena kwenda kununua uzi, na nikamhesabia: alirudi mara nne.